Joho Lirudi na Mtu Ndani Yake

3 Februari

Kwako Dada Kengele,

Shikamoo, pamoja na shikamoo nyingine ya akiba, maana ukimaliza kusoma barua hii utasema sikukusalimia vizuri.

Sisi huku wazima. Wifi yako hajambo, ila amenuna kwa sababu magoti yangu yanalia kuliko mlango wa stoo na anasema yanamwamsha. Watoto wanamsalimu shangazi yao. Mkubwa amepata kazi ya kupima watu macho, na mteja wake wa kwanza nilikuwa mimi. Alinipima, akazima taa, akawasha taa, akasema, "Baba, huoni." Nikamuuliza sioni karibu au sioni mbali. Akasema, "Chagua unapopenda." Miwani bado sijanunua. Likumbuke hilo, lina kazi yake hapo chini.

Wewe je? Nyumba imeshakuzoea? Tangu tumzike shemeji sijakanyaga huko, na najua nyumba ile ni kubwa kwa mtu mmoja. Ningepiga simu, lakini ukishika simu wewe unakuwa redio na mimi msikilizaji. Kwenye barua huwezi kunikatiza.

Sasa jambo lenyewe. Kanisa la pale kona, lenye mlango wa kijani, unalijua. Ndipo ulipokuwa ukituburuza kila Jumapili tukiwa wadogo, na jina la Kengele hukupewa bure. Mimi tangu nianze kuvaa suruali ndefu nimeingia mle kwa harusi na mazishi tu, nawe umeniombea miaka yote hiyo mpaka nikawa naona haya kwa niaba ya Mungu. Basi mwezi uliopita walinipa kazi ya kufua majoho ya kwaya yao. Meupe, dada. Meupe kama ganda la yai.

Ijumaa nikayatia yote kwenye mashine. Nilichunguza ndani kwanza, nikaona hamna kitu. Kwa macho haya. Kumbe chini kabisa kulikuwa na pazia la kinyozi jirani yangu, lile jekundu la mlangoni ambalo alilinunua kwa sababu linaonekana toka mbali.

Jioni mwalimu wa kwaya akaja kuchukua majoho. Ni mama mfupi, ukimwona unadhani amepiga magoti, lakini sauti yake ukiisikia unatafuta pa kushika. Akasimama mbele ya kamba.

"Hii ni nini?"

"Majoho, mwalimu."

"Naona ni majoho. Nakuuliza hii ni nini."

"Pinki, mwalimu."

Nilidhani atanipiga kwa pasi. Hakunipiga. Alisema, "Jumapili utakuja mwenyewe usimame mbele ya watu ueleze. Mimi kinywa changu ni cha kuimba tu."

Nikaenda. Ningefanyaje? Nikasimama pale mbele nikaeleza habari ya mashine, pazia na macho, na kanisa zima likacheka mpaka mchungaji akavua miwani afute machozi. Nikageuka nitoke. Mwalimu wa kwaya akanishika mkono. Mwimba besi mmoja alikuwa mgonjwa, joho lake limebaki. "Aliyetutia rangi na yeye aipake," akasema, akanivisha. Nikasukumwa mwisho wa mstari nikaambiwa nifungue mdomo na kuufunga, sauti isitoke.

Dada, wakaanza wimbo ule mama aliokuwa akiimba akisugua sufuria. Sauti ikatoka. Sikuituma mimi. Umewahi kuingia nyumba ya zamani taa zimezimwa, mkono wako ukaenda wenyewe kwenye swichi? Ilikuwa hivyo. Maneno yote nilikuwa nayo, mpaka ubeti wa mwisho.

Usianze vigelegele! Nilikwenda kwa kosa la kikazi.

Niandikie na wewe mahubiri ya huko, kama zamani.

Mdogo wako,
Povu


26 Februari

Povu,

Marahaba, zote mbili, na ile ya akiba naiweka.

Mimi mzima. Kiwandani tunaoka mikate mingi kuliko mwaka jana, na tanuri moja limeharibika kwa hiyo fundi wa tanuri anatembea kama aliyefiwa. Wamenipa usimamizi wa chumba cha kufungasha. Nina wasichana wanane chini yangu, wanaongea kama wewe, na mikate inapita mbele yao haijafungwa huku wao wanamalizia hadithi.

Barua yako niliwasomea. Nilikosea. Mmoja alicheka mpaka akakaa juu ya trei ya mikate laini, na ile trei tuliila sisi.

Mama alikufundisha nini kuhusu nyeupe? Nilikuwepo. Alikufundisha kwa maneno, akakufundisha kwa fimbo. Nyeupe peke yake! Na kabla ya kutia nguo kwenye mashine unaingiza mkono, hutazami. Mkono hauhitaji miwani. Kanunue hiyo miwani.

Mungu ana njia zake, akikosa mlango wa kukupitia anatumia mashine ya kufulia. Nimefurahi. Endelea kwenda, nakuombea.

Ibada za huku zinaendelea vizuri.

Msalimie wifi yangu na umwambie magoti yako aliyapata yakiwa hivyo hivyo, asijifanye kaibiwa.

Dada yako


19 Machi

Kwako Dada,

Shikamoo. Wifi yako amepokea salamu akajibu kwamba risiti ya magoti anayo na bado anatafuta pa kuyarudishia.

Miwani nimenunua. Nimegundua kwamba kinyozi ana ndevu za mvi, kwamba ukuta wetu una ufa, na kwamba mimi ni mnene. Ningebaki bila miwani ningekuwa kijana mpaka leo.

Kuhusu kwenda kanisani, nisikudanganye, nimekwenda. Ila nina sababu zangu. Jumapili ya pili nilikwenda kuangalia kama rangi imeanza kupauka, maana nimeyaloweka majoho tena na tena na bado ni pinki, sasa pinki ya kistaarabu. Jumapili ya tatu nilikwenda kwa sababu mwimba besi mgonjwa amepona na nilitaka kumrudishia joho lake mwenyewe. Akasema nilivae tu, yeye atavaa la ndugu mmoja aliyehamia mbali. Jumapili ya nne sababu ziliniishia nikaenda hivyo hivyo.

Nikueleze kitu, na usikisomee wasichana wako. Jumanne nilikuwa napiga pasi shati la mwalimu mkuu wa shule. Nikawa naimba. Kisha nikanyamaza, nikasema kwa sauti, pale pale mbele ya meza, "Ee Bwana, ni mimi." Basi. Sikuwa na la kuongeza. Miaka yote hii nilidhani nikirudi kwake itabidi nijieleze kama mtu aliyekamatwa stesheni bila tiketi. Hakuniuliza kitu. Niliona furaha, dada, furaha ya kipumbavu kabisa, ikanijaa mpaka kooni, nikafumba macho nicheke, na shati la mwalimu mkuu likaungua mgongoni, umbo zima la pasi, limepigwa kama muhuri. Nimemlipa shati jipya na bado nacheka.

Nikwambie nilichokuwa nangojea siku zote? Nilikuwa nangojea kunyooka kwanza. Niache uongo mdogo mdogo, niache hasira, niwe mtu safi, ndipo niende kwa Yesu na uso mkavu. Na mimi ni dobi! Sijawahi hata siku moja kumwambia mteja akafue nguo zake kwanza ndipo aniletee. Kazi yangu inanisuta kila asubuhi kwenye kamba na mimi napita chini yake nainama tu.

Wifi yako ameniuliza kwa upole kama nina mwanamke mwingine, kwa sababu naimba bafuni. Nikamwambia ni Mungu. Akasema, "Afadhali. Huyo hatataka tumpangishie chumba." Jumapili iliyofuata alikuwa amevaa kabla yangu.

Sasa zamu yako. Dada, zamani uliniandikia mahubiri mazima, mpaka mahali mchungaji alipokohoa. Nilikuwa nayaruka, lakini uliandika. Sasa unaniambia "ibada zinaendelea vizuri," kama mtangazaji wa hali ya hewa. Siku hizi unakaa wapi kanisani? Bado lile benchi la karibu na dirisha, mlilokuwa mkikaa na shemeji?

Nijibu hilo tu. La tanuri nitaulizia baadaye.

Povu


2 Mei

Dada,

Shikamoo. Wazima. Barua yangu ilifika? Aprili nzima nimemchungulia mtu wa posta mpaka ameanza kupita barabara ya pili.

Naandika fupi. Mchungaji amesema wale wanaotaka kurudi kundini watasimama mbele Jumapili ya mwisho ya Julai, wapige magoti, waombewe, kisha waende pamoja na wengine kwenye Meza ya Bwana. Nimejiandikisha. Halafu nikamwambia mchungaji kwamba siwezi kwenda mezani dada yangu hayupo, kwa sababu yeye ndiye aliyenisukuma huko toka nikiwa na kaptula. Akanitazama, akasema, "Meza ile si ya dada yako." Nikasema najua, ila yeye ndiye aliyekuwa akinipangia viti vyote maishani.

Njoo. Kama umeumwa, niambie. Kama nimekuudhi, niambie na hilo, nimezoea. Ila usiniandikie kuhusu tanuri.

Povu


20 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Siumwi. Hujaniudhi. Barua zako zote mbili zilifika na zipo hapa juu ya meza, zimepakwa unga.

Sikai mahali popote kanisani. Tangu wiki ile ya mazishi sijaingia.

Nilijaribu mara moja. Nilifika mpaka mlangoni nikaliona lile benchi, na mahali pake pale dirishani, peupe, jua limekaa hapo kama mtu. Nikageuka. Jumatatu nikaomba kiwandani wanipe zamu ya Jumapili. Wakafurahi, hakuna anayeitaka. Nikawaambia watu wa kanisani kazi imebana. Kila waliponiuliza, kazi ilibana zaidi.

Sikugombana na Mungu, Povu, usije ukasema nimekana imani. Niliacha tu kumsalimia. Kama jirani ambaye hamna ugomvi naye, mkapishana siku moja bila kusalimiana, ya pili mkaona aibu, ya tatu ikawa ndiyo desturi. Unapita, macho chini. Na huku kwenye barua kila mara nilikuandikia "nakuombea." Sikuombei. Sijamwombea mtu. Maneno yale yalikuwa yanajiandika yenyewe kama anwani.

Ndiyo maana barua yako ya pinki ilinipiga. Nilicheka na wasichana pale, nikacheka kweli, kisha nikaenda stoo ya unga nikafunga mlango nikalia. Unajua kwa nini? Maisha yangu yote nilidhani mimi ndiye ninayekuvuta. Halafu nimeacha kuvuta, na Mungu amekufuata mwenyewe, kwa pazia la kinyozi! Nilijiona kama mtu aliyesukuma gari bovu miaka na miaka, akachoka, akaenda kukaa kivulini, mara akaliona lile gari linapita mbele yake limewaka na dereva anapiga honi. Nifurahi au nirushe jiwe? Sikujua. Ndiyo sababu ya ukimya wangu.

Sasa umejua. Usinisubiri. Nenda mezani na mkeo, ule, unywe, ufurahi. Ninafurahi kwa ajili yako, na hili si anwani.

Lakini siji. Sijui nitamwambia nini baada ya muda wote huu.

Dada yako


4 Juni

Dada Kengele,

Shikamoo.

Nimesoma. Nikatoka nje nikaanua nguo zilizokuwa bado mbichi, nikazianika tena. Wifi yako aliniuliza nini, nikampa asome, akasoma, akaenda kuanua zile zile.

Sitakuhubiria. Mimi ni nani nikuhubirie, nina miezi minne tu na mmoja nilikuwa naangalia rangi. Ila kuna mambo ya ufundi siwezi kuyaacha yapite.

La kwanza, unasema uliacha kuniombea. Sawa. Nguo ngumu nafanyaje? Nailoweka jioni, naenda kulala, nakoroma. Asubuhi uchafu umeachia. Nani alikuwa akifanya kazi wakati nakoroma? Wewe uliniloweka tangu nikiwa mtoto, dada. Ulikuwa na haki ya kwenda kulala kidogo.

La pili, habari ya gari. Umeona vizuri kila kitu isipokuwa honi. Dereva akimpigia honi mtu aliyekaa kivulini hamcheki. Anamwambia apande.

La tatu ni kifurushi hiki. Mwimba besi amezidi kunenepa, wakamshonea joho jipya, kwa hiyo lile la yule ndugu aliyehama limebaki bila mtu. Nilimweleza mwalimu wa kwaya kwamba nina dada aliyekuwa akiimba sauti ya alto hapo kwenye mlango wa kijani kabla baadhi ya wanakwaya wake hawajazaliwa. Sikumweleza la zaidi, hayo ni yako. Akalikunja mwenyewe akanipa. Wifi yako amelipandisha pindo kwa sababu anakumbuka urefu wako, au ufupi wako, sisemi. Mwalimu wa kwaya ametoa sharti moja. Anataka joho lake lirudi, na lirudi na mtu ndani yake.

Umesema nisikusubiri. Mimi ni mdogo wako, natii. Sitakusubiri. Nitaangalia mlango tu.

Povu


28 Juni

Povu, mtoto wa mama yangu,

Marahaba! Umeniharibia mikate, na utasikia habari yote, kaa chini.

Kifurushi chako kilikuja kiwandani badala ya nyumbani, kwa sababu ulisahau namba ya nyumba. Miwani kwenye pua na bado. Wasichana wakakifungua kabla yangu, nimewakuta wamelinyanyua juu kama bendera. "Mama Msimamizi, hili ndilo lile!" Wanalijua, nilikwambia niliwasomea. "Livae! Livae!" Nikasema hapana. Nikasema tuko kazini. Nikalivaa.

Lilinienea, Povu. Mpe wifi yangu mkono.

Fundi wa tanuri akaingia, akanitazama juu mpaka chini, akauliza kwa masikitiko, "Tunabadilisha sare?" Wakacheka wale, wakasema lazima niimbe, huwezi kuvaa joho ukanyamaza. Nikafungua mdomo niwafukuze. Ikatoka alto. Ilitoka na vumbi, imekwaruza kama mlango wa gari la zamani, lakini ilitoka, na ulikuwa wimbo ule wa sufuria. Msichana mmoja akaupokea. Kisha mwingine. Fundi wa tanuri, mtu ambaye sijawahi kumsikia akisema maneno matatu mfululizo, ana sauti ya tena nzuri kama asali! Tukaimba mpaka mwisho, na mikate yote ya tanuri ikawa myeusi. Nimewaambia wakubwa kwamba ni kosa la kikazi. Neno hilo nimejifunza kwako.

Jumapili nikaomba ruhusa. Nikaenda. Bila joho, usinifanye kichaa. Mlangoni miguu ikataka kugeuka kama mara ile. Nikainua macho nitazame lile benchi, niumie mara moja yaishe.

Mahali pa shemeji yako pamekaliwa. Kuna mtoto mnene, sijui ni wa nani, amejaa pale dirishani na bisi mkononi, jua lote limemwangukia yeye. Muda wote nilioogopa pengo lile, yeye alikuwa analijaza kila Jumapili. Nikakaa kando yake. Akanipa bisi moja, iliyolowa. Mchungaji alipoanza kuhubiri, mtoto akaniegemea mkono akalala akakoroma kama shemeji yako alivyokuwa akikoroma, Mungu amrehemu, pale pale, sehemu ile ile ya mahubiri.

Nikaanza kucheka, Povu. Nacheka na machozi yanashuka, na siwezi kuyafuta kwa sababu mkono mmoja una mtoto na mwingine una bisi. Basi hapo ndipo nilipoongea. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuomba radhi, marefu, kuhusu zamu, kuhusu uchovu. Yote yakapotea. Nikasema tu, "Shikamoo, Bwana."

Na niamini mimi, sikusikia kwa sikio, lakini nilijua kama ninavyojua jina langu. Aliitikia haraka, kama mtu aliyekuwa amekaa na marahaba mdomoni siku zote hizo akingoja niinue macho.

Sijui kama nitapata likizo Julai. Wakubwa bado wana hasira ya mikate. Usinisubiri.

Kengele


2 Agosti

Dada yangu Kengele,

Shikamoo. Natumaini umefika salama na kwamba abiria wenzako wamepona masikio.

Wifi yako, watoto, kinyozi na magoti yangu wote wanakusalimu. Nyumba imepoa tangu uondoke juzi. Nyie wawili mliongea siku nne mfululizo, sasa anajaribu kuongea na mimi na anakuta sina ujuzi.

Naandika kwa sababu pale stendi ulikana. Ulisema mbele ya watu kwamba hukupiga kelele kanisani. Mimi nilikuwa nimefumba macho na mgongo wangu umeelekea mlangoni, kwa hiyo nimekusanya mashahidi, na haya ndiyo yaliyotokea.

Mimi nilikuwa mbele nimepiga magoti. Yalilia, wifi yako anasema benchi la tatu walidhani kiti kimevunjika. Nilikuwa nimeangalia mlango toka wimbo wa kwanza mpaka shingo ikauma, nikaacha, nikasema basi, amesema nisimsubiri. Mchungaji akaweka mkono juu ya kichwa changu akauliza kwa sauti yake ya taratibu, "Ndugu, unamrudia Kristo kwa moyo wako wote?"

Nikavuta pumzi nijibu. Na nyuma yangu, kutoka mlango wa kijani, ikaja sauti iliyokuwa ikituamsha sote tukiwa wadogo:

"Ndiyo anarudi!"

Shahidi wa kwanza ni wifi yako. Anasema ulikuwa umesimama na joho la pinki limejaa vumbi la safari, begi begani, kiatu kimoja mkononi kwa sababu kamba yake ilikatika ukikimbia kutoka stendi. Shahidi wa pili ni mwalimu wa kwaya, ambaye alipiga kigelegele kabla ya kukumbuka tuko sehemu gani ya ibada. Shahidi wa tatu ni mchungaji mwenyewe. Alivua miwani akasema, na hili nililisikia, "Mama, sikukuuliza wewe."

Wala hukurudi nyuma hatua moja, wanasema.

"Lakini kwa kuwa umekwisha jibu," akasema, "njoo upige magoti hapa kando yake, nikuulize na lako."

Yaliyofuata unayajua, ulikuwepo. Mimi najua tu kwamba nilisikia kiatu kimoja kikija, na mguu mmoja mtupu, kisha bega lako likanigonga, ukanong'ona, "Sogea." Hata mbele ya Mungu, dada! Nikasogea. Nikajibu swali langu mwenyewe hatimaye, nawe ukajibu lako, na kwenye Meza mkate ulipofika ulinitazama kidogo kama msimamizi wa kiwanda, ukataka kusema kitu kuhusu uokaji wake, ukanyamaza. Hilo ndilo jambo la kwanza nililomshukuru Bwana baada ya kurudi kundini.

Nimeimba tangu siku hiyo. Nimemwachia kinyozi shavu lina sabuni nikaenda kumwimbia mteja barabarani. Wananiona nimechanganyikiwa. Nawaambia bado, ngojeni muone dada yangu.

Sasa neno moja la aibu. Mwalimu wa kwaya amehesabu majoho, limepungua moja. Ulipanda basi nalo. Nilimwomba radhi kwa niaba yako. Akafikiri, akasema, "Nilisema lirudi na mtu ndani yake. Limerudi. Sikusema lisiondoke naye."

Kwa hiyo kaa nalo. Ila lifue peke yake.

Mdogo wako aliyesogea,
Povu


21 Agosti

Povu,

Marahaba. Sikupiga kelele. Nilijibu kwa sauti ya kusikika.

Huku wazima. Tanuri limepona. Zamu ya Jumapili nimeirudisha, na wasichana wangu wanne wanakuja nami kanisani, pamoja na fundi wa tanuri, ambaye sauti yake ya tena imefanya kwaya nzima ikae wima. Ndiyo, nimeingia kwaya. Mtoto mnene ameniwekea bisi tatu, ni heshima kubwa.

Naandika kwa haraka kwa sababu nina shida. Jumapili nilisimama nao kwa mara ya kwanza, wao wote kwa majoho meupe na mimi katikati na pinki yangu. Nilidhani watanifukuza. Baada ya ibada mwalimu wa kwaya yetu akanivuta pembeni akaligusa joho, akaligeuza, akalitazama juani, akauliza rangi hii inapatikana wapi, maana wamekaa kikao na wote wanaitaka.

Kinyozi mpe salamu zangu. Mwambie namnunulia pazia jipya, hata lenye maua akitaka.

Lile jekundu nitumie mimi.

Dada yako,
Kengele